UZI: Muvi ya Stallone na mama yake ilikwama wapi? Tuichambue kifundi

Mkasi wa Kinondoni

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni wa Stop! Or My Mom Will Shoot ya mwaka 1992, ile ambayo Sylvester Stallone ni sajenti wa polisi Los Angeles, anatembelewa na mama yake mzazi na kila kitu kinavurugika. Stallone mwenyewe amesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba hajawahi kucheza muvi mbovu kuliko hiyo. Kwenye Golden Raspberry, zile tuzo za walioboronga, ilizoa tatu: mwigizaji mkuu wa kiume, mwigizaji msaidizi wa kike (Estelle Getty, aliyecheza mama) na skripti.

Sasa, kusema "mbovu" bado si uchambuzi. Mtayarishaji alikuwa Ivan Reitman, ambaye muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amemwongoza Schwarzenegger kwenye Twins (1988) na Kindergarten Cop (1990). Zote mbili ni za Universal, na kila moja iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Hii ya Stallone nayo ni ya Universal. Studio ileile, mtayarishaji yuleyule, wazo lilelile: chukua jitu la misuli, umletee mtu mdogo wa kumtoa jasho. Kule watu walivunjika mbavu, huku wakakaa kimya.

Hoja yangu ni hii. Steringi anachekesha pale nguvu zake zenyewe zinapomponza. Tazama Kindergarten Cop: Kimble (Schwarzenegger) ni mpelelezi wa kuvunja milango, anaingizwa darasa la chekechea kule Astoria, Oregon. Akifoka, watoto wanalia. Akinyamaza, wanapindua darasa. Hawezi kupiga, hawezi kutisha. Silaha zote alizoingia nazo zimekuwa takataka, na inabidi atafute nyingine: filimbi, paredi, nidhamu ya chuo cha polisi iliyopunguzwa ikatosha watoto wa miaka mitano.

Joe Bomowski wa Stallone hana tatizo hilo. Mama anamwaibisha kwa picha za utotoni, anamsema mbele ya wakubwa wake, anaingilia mapenzi yake na luteni wake. Hata Joe angekuwa karani wa posta, aibu ingekuwa ileile. Ukiweza kumtoa steringi ukaweka karani, na kichekesho kisitikisike, basi ile misuli uliilipia bure.

Karibuni.

Nyamizi

Mkuu Mkasi, hoja yako naikubali kwa sehemu kubwa, ila umeipita kasi sehemu moja ambayo steringi anahitajika kweli: kwenye ukingo wa ghorofa.

Kuna mtu anataka kujirusha. Joe ametoka kwenda kumbembeleza, kazi ya ushujaa kabisa. Chini, mama ananyakua kipaza sauti cha polisi na kuanza kumsemesha mwanawe mbele ya umati. Yule anayetaka kujirusha anamwangalia Joe, anamwonea huruma. Yaani aliyekuja kuokolewa anaona heri ya kwake.

Pale kuna vitu vitatu kwa pamoja. Joe hawezi kuondoka, maana kuna roho ya mtu. Hawezi kujibu, maana akipandisha sauti atamtisha yule anayetaka kujirusha. Na mama hafanyi kwa ubaya, anaamini anasaidia. Steringi kabanwa kila upande na kazi yake mwenyewe ya ushujaa. Ukimweka karani wa posta kwenye ule ukingo, tukio linakufa.

Kosa ni kwamba muvi ililipata tukio hili halafu ikarudi kwenye sebule. Wahenga walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Hawa walikuwa na mchele mzuri, mama anayemwona askari wa miaka arobaini na kitu bado ni mtoto, wakaupika pishi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Anaaibishwa, ananuna. Anaaibishwa tena, ananuna tena. Ile ndoto anayovalishwa nepi ndiyo sufuria limeungua kabisa, maana inatuonyesha kwa picha jambo ambalo tulikwisha kulielewa tangu mama aliposhuka uwanja wa ndege.

Fundi Chuma

Mimi nasimama kwenye bastola, maana hapo ndipo skripti ilipojengwa vizuri kuliko watu wanavyokubali.

Mama anaikuta bastola ya mwanawe, anaona chafu, anaiosha kwa maji, sabuni na dawa ya kung'arisha nguo, hii tunayoiita jiki. Kwa asiyejua anaona ni utani tu. Kifundi ni maafa ya kweli. Klorini iliyomo kwenye jiki hula chuma. Ile rangi nyeusi ya samawati juu ya bastola ni ngozi nyembamba inayozuia kutu, jiki inaivua. Sabuni nayo inaondoa mafuta yote, maji yanabaki ndani kwenye springi na pini ndogo za kifyatulio ambako kitambaa hakifiki, na kutu inaanza kwa vishimo vidogo vidogo.

Kwa hiyo kosa la mama lina uzito. Kutokana nalo anakwenda kumnunulia mwanawe silaha nyingine, anainunua kwa wauzaji haramu wa mtaani, na akiwa hapohapo anashuhudia mtu akiuawa. Sasa ni shahidi, hawezi kurudi kwao Newark, na Joe hawezi kumpandisha ndege. Angalia mnyororo: usafi wa mama, bastola imeharibika, silaha haramu, mauaji, shahidi. Kila pete imeshika ya mbele yake na hakuna iliyoangukia kwa bahati tu. Waandishi walikuwa watatu, Blake Snyder, William Osborne na William Davies, na hapa walifanya kazi yao.

Kilichopotea ni gharama. Askari aliyeharibiwa silaha na mama yake, kisha mama huyohuyo akakutwa na bunduki haramu, kwa hali ya kawaida anaitwa mbele ya meza ya nidhamu. Hilo lingembana Joe. Aseme ukweli, mama ashitakiwe. Aseme uongo, kazi iote mbawa. Muvi inalipapasa tu halafu inaliachia.

Mwana wa Tanga

Tuweke hesabu sawa, maana nimeona watu wengi wakiandika kwamba haikuingiza hata senti.

Bajeti inayotajwa ni dola milioni 45. Marekani iliingiza kama milioni 28.4, na dunia nzima ikafika milioni 70.6 hivi. Maana yake asilimia 60 ya fedha ilitoka nje ya Marekani. Jina la Stallone lilikuwa linasafiri kuliko muvi yenyewe: bango lenye uso wake lilitosha kujaza ukumbi wiki ya kwanza.

Ila usichukue 70.6 ukatoa 45 ukasema faida ni 25. Wenye majumba ya sinema huchukua karibu nusu ya tiketi, wakati mwingine zaidi kwa nchi za nje. Studio inabaki na kama milioni 35, na bado matangazo na kuchapisha kopi za filamu hayamo kwenye zile 45. Kwa kumbi za sinema peke yake, ni hasara.

Na kuhusu Stallone aliingiaje: Schwarzenegger ameeleza hadharani kwamba alisoma skripti akaona haifai, akajifanya anaitaka sana na kudai fedha nyingi, akijua habari zitamfikia mwenzake. Enzi zile walikuwa wanakimbizana kwa kila kitu. Stallone naye amekiri kwamba kusikia Arnold anaitaka ndiko kulikomsukuma. Kwa mtu anayetengeneza muvi hapo kuna jambo la kazi kabisa: mwigizaji aliyechukua nafasi ili mpinzani asiipate hajaingia na jibu la swali "huyu mtu nitamchekeshaje?"

Bi Mwanaidi

Nawasoma, wanangu. Naongeza la Estelle Getty, maana huyu mama anabebeshwa lawama isiyo yake.

Getty alizaliwa 1923 na Stallone 1946, hivyo umri wa mama na mwana ulikaa sawa. Kwenye The Golden Girls, iliyorushwa 1985 hadi 1992, alicheza Sophia, mama wa Dorothy. Bea Arthur aliyecheza Dorothy alizaliwa 1922, yaani "mtoto" alimzidi "mama" mwaka mzima, na bado kila wiki tuliamini kwamba ni mtu na mamaye. Kipaji alikuwa nacho tele.

Tofauti iko kwenye namna ya kurekodi. Golden Girls ilirekodiwa mbele ya watazamaji waliokaa studio. Getty akitupa neno, watu wanacheka, anasubiri kicheko kishuke, Bea Arthur anamkazia jicho, kicheko kinapanda tena. Ule muda wa kusubiri ulipimwa na watu hai. Kwenye sinema hakuna mtu wa kucheka. Kamera ni moja, neno la mama linapigwa asubuhi, uso wa Stallone unapigwa mchana baada ya taa kuhamishwa, na mhariri anakuja kukisia miezi baadaye kwamba hapa ukumbi utacheka kwa sekunde mbili.

Halafu Sophia alikuwa na ulimi wa shubiri, na ulimi ule ulisema ukweli ambao wengine waliufunika. Tutti, yaani mama wa Joe kwenye muvi hii, wao wamempa maneno ya kubembeleza na kuhimiza kula. Umempa mpishi hodari kisu butu.

Mkasi wa Kinondoni

Shikamoo Bi Mwanaidi. Hapo umeingia kwenye kazi yangu, naomba niingie ndani kidogo.

Filamu hukimbia picha 24 kwa sekunde. Kichekesho cha aina hii kina vipande vitatu: neno, uso wa aliyeambiwa, kisha tukio linaendelea. Ukikata kutoka kwenye uso mapema, tuseme baada ya picha 12, nusu sekunde, mtazamaji hajamaliza kuusoma uso na wewe umeshamhamisha. Ukiushikilia picha 60 na uso hauna kinachobadilika ndani yake, unamwambia "cheka basi", na hapo hacheki. Siri ni uso ubadilike ukiwa kwenye skrini: mwanzo hajaelewa, kisha ameelewa, kisha anajizuia. Uso wa hatua tatu unaweza kuushikilia sekunde tatu bila shida.

Joe hana hatua. Anaanza akiwa amenuna, anaendelea akiwa amenuna. Mhariri hata angekuwa bingwa, hana pa kukata.

Na msimwangushie mwongozaji kwamba hakujua kazi. Roger Spottiswoode alianza kama mhariri, alihariri filamu za mwongozaji Sam Peckinpah, na ni mmoja wa walioandika 48 Hrs. ya 1982, muvi iliyoweka kipimo cha askari na mcheshi ndani ya gari moja. Turner & Hooch ya 1989, askari na mbwa, ni yake. Muda wa kukata anaujua. Mbwa wa Turner & Hooch alimbadilisha Tom Hanks tukio kwa tukio: nyumba safi inaharibiwa, ratiba inavunjika, mwisho askari analia. Kwa mama, Joe habadilishwi hadi muvi inakaribia kwisha, kisha anabadilika kwa mpigo mmoja.

Ochieng' wa Kisumu

Wakuu wa Bongo, hamjambo. Kuna anayesema Stallone hajui komedi kabisa? Hilo nalipinga. Demolition Man ilitoka Oktoba 1993, miezi 20 tu baada ya hii ya mama. Mtu ni yuleyule.

Angalieni kipande cha choo. Spartan (Stallone) ni polisi wa 1996 aliyegandishwa kwenye barafu na kuamshwa 2032. Huko mbele matusi ni marufuku: ukitukana, kisanduku ukutani kinalia na kukutemea karatasi ya faini. Anaenda msalani, hakuna karatasi, kuna kombe tatu za baharini juu ya rafu. Anatoka, anauliza, wenzake wanashangaa hajui kuzitumia. Anatembea hadi kwenye kisanduku, anamwaga matusi mfululizo kwa sauti ya kawaida kabisa, anakusanya zile faini, anarudi msalani.

Hesabuni kilichofanyika. Sheria ya matusi ilishapandwa mapema, tumeizoea. Haja ni ya kweli na ya kila mwanadamu. Suluhisho linatoka kwenye tabia yake mwenyewe ya ukorofi. Na Stallone hachezi kuchekesha hata kidogo, anatatua shida. Yeye yuko serious, dunia ndiyo kichekesho. Kwa muvi ya mama walimtaka afanye uso wa kuomba kicheko, ile nyusi ya kupanda na kushuka, na hapo anapoteza kila kitu.

Hata Rocky ya 1976, ambayo aliandika mwenyewe, ina ucheshi. Anaenda duka la wanyama kumsimulia Adrian utani dhaifu, sauti ya chini, macho pembeni, anatamani tu binti acheke. Ucheshi wa Stallone ni wa aibu. Joe hana aibu, ana hasira.

Kibanda Umiza

Naongeza la kwetu: kutafsiri.

Kazi ya watu kama marehemu Lufufu hapa Tanzania, au DJ Afro Kenya, ni kusimulia juu ya sauti ya muvi. Sauti ya asili inateremshwa, msimuliaji anaingia. Anahitaji nafasi: mapigano, kukimbizana, mtu anayetembea bila kusema. Humo ndimo anamweleza steringi ni nani, adui anapanga nini, na anatia chumvi yake. Ndiyo maana muvi za kupigana zilitamba vibandani: maneno machache, nafasi kubwa.

Muvi ya mama haina nafasi. Tutti anaongea mfululizo, na vichekesho vingi viko kwenye namna anavyosema, si kwenye anachotenda. Msimuliaji akifunika anaua neno. Akinyamaza, ukumbi hauelewi. Kipande cha jiki kingemfaa, maana mikono ya mama inaonekana na kila mtu anajua jiki inafanya nini. Cha ukingo wa ghorofa kingemfaa pia. Vingine ni sebule na maneno.

Tena hadhira yetu ingemshangaa Joe. Mama kaja kukutembelea, kapika, kafua, na wewe unamnunia muvi nzima? Mtoto kwa mzazi hakui. Kwa mtazamaji wa huku, asiye na adabu ni steringi, na steringi asiye na adabu kwa mamaye ni vigumu kumshangilia.

Nyamizi

Kibanda, hilo la mwisho ni zito kuliko unavyofikiri, na halihusu huku peke yake. Muvi inataka tuwe upande wa nani? Mama anapatia kila kitu. Anatatua kesi, anapatanisha wapenzi, na mwisho risasi inayomwangusha adui inatoka kwake. Joe ni steringi asiyeachiwa hata kumaliza adui. Mtu anayeshinda kila mara hachekeshi, na mtu anayeshindwa kila mara bila kosa anatia huruma. Walitakiwa wapokezane.

Fundi Chuma

Sawasawa dada. Jackie Chan ndiye mwalimu wa kupokezana huko. Kabla hajapiga mtu kwa kiti, kiti kinamwangukia yeye kwanza. Kamera iko mbali kiasi cha kuona mwili mzima, haikatwi katikati ya pigo, na akiumia anatikisa mkono tuone maumivu. Anakula tatu, anatoa moja. Stallone wa 1992 alikuwa na mwili wa kufanya kitu kama hicho, wakampa viti vya kukalia.

Mkasi wa Kinondoni

Kwa wanaotengeneza komedi zenu na mnataka kupima hoja za uzi huu, kuna zoezi la saa mbili hivi.

Chukua kipande cha ukingo wa ghorofa na kipande chochote cha sebuleni, visizidi dakika tatu kila kimoja. Vitazame mara ya kwanza bila sauti. Andika kila mara uso wa Joe unapobadilika, si unapoonekana, unapobadilika. Halafu tazama tena kwa sauti bila picha, na uhesabu mara ambazo mama anasema jambo jipya, yaani habari ambayo hatukuwa nayo. Mwisho, kwa kila kipande jibu kwa sentensi moja: Joe anataka nini sasa hivi, na nini kinamzuia kuinuka na kuondoka?

Kwenye ukingo utajibu bila kufikiri. Kwenye sebule kalamu itasimama kwenye swali la pili. Fanya hivyohivyo kwa Kindergarten Cop, siku ya kwanza darasani, kisha chukua skripti yako na uijaribu ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya skrini, na muvi hii ya mama ni dakika 87. Kurasa tatu mfululizo zikikosa jibu la "kwa nini haondoki?", zifute kabla hujakodi kamera.

Ochieng' wa Kisumu

Mkasi, ongeza moja kwenye zoezi: zima muziki. Kama una nyimbo za mzaha chini ya kila kipande, toa zote, tazama, kisha rudisha zile tu ambazo bila hizo tukio halieleweki. Muziki unaomkonyeza mtazamaji huingia kabla ya neno na kulimaliza neno. Kile kipande cha choo cha Demolition Man kinasikika vizuri kwa sababu moja: kinachosikika ni kisanduku kinalia, na karatasi inatoka.